Moyo wa kitenge kwa ajili ya Valentine

Jamani, Februari 14 hiyo inakuja, na mifukoni hali tunaijua, ada za Januari zimetumaliza. Kabla hujanunua ua la plastiki pale Mwanjelwa, pita kwa fundi cherehani wa mtaani kwako umwombe vipande vya vitenge anavyovitupa. Hapa Mbeya sijawahi kunyimwa.

Kunja karatasi katikati, chora nusu ya moyo, kata. Ukiifungua, pande zote zimelingana. Iweke juu ya vipande viwili vya kitenge, pande za maua zikitazamana, ukate huku ukiacha sentimita 1 ya kushonea. Shona kwa mkono kuzunguka, ila acha uwazi wa vidole vitatu ubavuni.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: kabla ya kugeuza, chukua mkasi ukate kidogo pale bondeni juu, katikati ya yale mabega mawili, karibu na mshono lakini usiuguse. Ukiruka hatua hii, moyo utajikunja na kuonekana kama embe.

Geuza, jaza vitambaa vidogo vidogo, na katikati tia kiganja kimoja cha buni za Mbozi zilizokaangwa. Vya kujazia viwe vikavu kabisa, maana kwa mvua hizi za kwetu vitavunda. Kisha ziba uwazi.

Niliomshonea mke wangu mwaka jana bado uko kabatini kati ya masweta yake. Buni nimebadilisha mara moja tu, na masweta yananukia kahawa.