Kupima Maambukizi ya Koo kwa Swabu: Mwongozo kwa Wagonjwa na Wazazi wa Mtwara na Lindi

Mtu akiumwa koo katika mikoa yetu ya kusini, mara nyingi hupitia kwanza duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya amoksilini na kurudi nyumbani. Kwa kufanya hivyo anaharibu kipimo cha swabu (kijiti chenye pamba kinachosuguliwa kooni ili kuchukua sampuli) kabla hakijafanyika, kwa kuwa hata dozi chache za antibiotiki zinaweza kupunguza bakteria kooni kiasi cha maabara kushindwa kuwaotesha, yaani kuwakuza ili waonekane, ilhali ugonjwa haujaisha. Fika zahanati au kituo cha afya kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Na kama umekwisha kumeza, mtajie tabibu jina la dawa na siku uliyoanza, ili aliandike jambo hilo kwenye fomu ya maabara.

Si kila koo linalouma linahitaji swabu. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na kwa kawaida huambatana na mafua, kikohozi au sauti kukauka. Wapo pia wakulima wa korosho ambao koo huwawasha msimu wa kupuliza salfa, na hao wanahitaji barakoa kuliko maabara. Swabu inafaa pale tabibu anaposhuku bakteria aitwaye Streptococcus pyogenes, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa ya ghafla, mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha, na matezi ya shingoni yanayouma yakibonyezwa, lakini hana kikohozi. Bakteria huyu hutafutwa kwa bidii kwa sababu asipotibiwa anaweza kuleta homa ya rumatiki wiki chache baadaye, nayo huharibu valvu za moyo.

Mtoto mdogo apakatwe na mzazi akimtazama mhudumu, miguu yake ikibanwa katikati ya mapaja ya mzazi, mkono mmoja wa mzazi ukizuia mikono ya mtoto na mwingine ukishika paji la uso ili kichwa kisirudi nyuma. Mhudumu hukandamiza ulimi kwa kijiti bapa, humwambia mgonjwa atamke “aaa”, kisha husugua kwa nguvu kiasi findo la kulia, la kushoto na ukuta wa nyuma wa koo, akizungusha swabu hasa penye wekundu au usaha. Swabu isiguse ulimi, mashavu wala kimeo. Mgonjwa atajisikia kutaka kutapika kwa sekunde chache, na hilo ni la kawaida; swabu iliyopitishwa juujuu kwa kumwonea mtoto huruma ndiyo inayoleta majibu ya uongo. Hata hivyo, mtoto anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza au anayepumua kwa shida asiingizwe kitu chochote kooni: huyo apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa njia ya hewa inaweza kuziba.

Kama kituo kina kipimo cha haraka, majibu hutoka ndani ya dakika 5 hadi 10. Kipimo hicho kikionyesha bakteria yupo, kinaaminika na matibabu yanaweza kuanza. Kikionyesha hayupo, kwa mtoto inafaa sampuli ioteshwe, kwa sababu kipimo cha haraka hukosa baadhi ya wagonjwa. Uliza mapema kama maabara ya hapo inaotesha au inapeleka sampuli kwingine. Swabu inayotoka Newala au Liwale kwenda maabara ya mbali iwekwe kwenye chupa yenye kimiminika au jeli ya kusafirishia, kwani joto na ukavu huua bakteria njiani, na kila chupa iandikwe jina la mgonjwa, tarehe na saa.

Maabarani, mtaalamu hupaka swabu kwenye sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye damu ya kondoo na kuiweka kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Baada ya saa 18 hadi 24 huikagua akiielekeza kwenye mwanga: bakteria anayetafutwa huota kama vidoa vidogo vya kijivu, kila kimoja kikizungukwa na duara angavu mahali ambapo damu imeyeyushwa. Sahani isiyoonyesha kitu hurudishwa na kukaguliwa tena siku ya pili, kwa hiyo usishangae kuambiwa urudi kesho kutwa. Kusubiri huko hakumweki mgonjwa hatarini, kwani penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado huzuia homa ya rumatiki. Kipimo cha damu cha ASO hakichukui nafasi ya swabu: huonyesha tu kwamba mwili ulikutana na bakteria huyo siku za nyuma.

Majibu yakionyesha bakteria yupo, dawa ya kawaida ni penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili, hata kama koo litapona siku ya tatu, au sindano moja ya benzathine penisilini. Mwenye mzio wa penisilini aseme kabla ya kuandikiwa. Watoto wengine hubeba bakteria huyu bila kuugua, ndiyo maana swabu ya kurudia baada ya dozi haihitajiki kwa aliyepona. Na tabibu akiona utando wa kijivu umeng’ang’ania kooni, lazima aiandikie maabara kwamba anashuku dondakoo, kwa kuwa bakteria wake huoteshwa kwenye sahani za aina nyingine, na matibabu yake hayasubiri majibu.