Kumpoteza msomaji bila kumwongopea: namna ya kuficha kidokezo katika hadithi ya upelelezi

Anzia mwisho. Kabla ya sura ya kwanza, jaza ukurasa mmoja wa kweli tupu: nani kaua, saa ngapi, kwa nini, na kosa gani litamfichua. Ukurasa huo hauchapwi. Mwandishi anayeanza bila kumjua muuaji wake humzulia kosa sura ya mwisho, na msomaji hunusa.

Tuseme muuaji ni nahodha, naye anadai saa nne usiku aling'oa nanga. Usiku huo mwezi ni mpevu. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani maji ya bahari kujaa sana na kutoka mbali sana, na huku kwetu Unguja na Mombasa maji ya bamvua hukupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Saa hiyo jahazi lililofungwa horini limekalia tope, haliwezi kuondoka, na hapo ndipo uongo wa nahodha unapofichuka.

Sasa ufiche huo mwezi. Ukiupa sentensi yake peke yake, utapiga kelele. Uchomeke katikati ya mambo mengine, halafu zusha kishindo papo hapo: "Harufu ya pilau ilitoka uani, mwezi mpevu ulining'inia juu ya minazi, watoto walikuwa wakigombea halua, mara ukasikika ukelele ghorofani." Msomaji atakimbilia ukelele. Mwezi ataudhani pambo.

Lakini msomaji wa Tabora atajuaje bamvua? Mfundishe mapema, mbali na maiti: sura ya pili, wanawake wa pweza wanahesabu siku za mwezi wakingoja maji yatoke mbali. Kidokezo na maana yake vikikaa ukurasa mmoja, ataviunganisha palepale. Vikiachana sura kumi, atasahau. Ukiona vimeachana mno, urudishe mwezi mara moja zaidi kwa sura nyingine, labda katika mzaha.

Wahusika ruksa kusema uongo, kila mmoja na sababu yake. Msimulizi asiye mhusika, hapana. Yeye ana haki ya kunyamaza tu. "Nahodha alikuwa baharini" ni uongo wako. "Nahodha alisema alikuwa baharini" ni uongo wake. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika riwaya za aina hii, alitoa kanuni kumi. Baadhi zimechakaa, ila ile inayomkataza mpelelezi kutumia kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa bado inauma.

Mshukiwa wa bandia naye anadai haki yake. Mpwa aliyeonekana akichoma karatasi usiku lazima awe na kitu cha kweli cha kuficha, mathalani hati ya deni. Usipoieleza kabla ya mwisho, umemtapeli msomaji.

Mswada ukikamilika, wape watu watatu bila sura ya mwisho. Waulize wanamshuku nani, na tangu ukurasa upi. Wote wakimtaja nahodha mapema, mwezi unang'aa mno. Asipotajwa na yeyote, uliza swali moja: usiku ule kulikuwa na mwezi? Wakijibu "sijui", rudi kwenye ule mstari wa pilau.