Kata salamu: ninavyoandika upya hadithi fupi kabla ya kuituma

1. Ukimaliza rasimu, iache. Mimi huifungia kabatini wiki mbili, nikashika kazi nyingine.

2. Itoe, uisome kwa sauti, kalamu mkononi. Ulimi ukikwama, tia alama. Usirekebishe bado.

3. Sasa zishughulikie salamu. Hapa ndipo pana kazi. Mazungumzo ya rasimu zetu nyingi huwa hivi:

"Hodi!"
"Karibu."
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, baba. Habari za huko?"
"Nzuri. Nimekuja kwa lile deni."

Mistari minne imekwisha na msomaji hajaambulia kitu. Futa, anzia kwenye deni. Lakini usifute kwa pupa, maana kwetu salamu ni silaha pia. Tazama:

"Shikamoo, mama."
Mama Rehema aliendelea kuchambua mchele.
"Shikamoo," Idi akarudia.
"Hela umekuja nayo?"

Marahaba iliyonyimwa imebeba ugomvi mzima. Huna haja tena ya kuandika kwamba mama alikasirika. Basi mimi huibakiza salamu pale tu inapokwenda kombo: kijana anapomrushia mzee "mambo vipi", au mke anapomwamkia mumewe kwa heshima ya ghafla isiyo ya kawaida yao.

4. Pitia "alihuzunika sana", "alifurahi mno" na ndugu zake. Nyingi zitaanguka zenyewe baada ya hatua ya tatu.

5. Wape wasomaji wawili, ikiwezekana mmoja wa Pwani na mmoja wa bara. Wa Pwani atakukamata kwenye lugha. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri, watakusifu tu. Waulize walichoka wapi.

6. Hadithi zikifika idadi ya kitabu, zitafutie mlango. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ya riwaya na ya mikusanyiko ya hadithi fupi za Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

7. Mchapishaji akikukubali, mkataba usome ukiwa umeketi. Wangu wa kwanza niliutia saini nimesimama mlangoni, kwa furaha, na haki za redio na tafsiri zikaenda na kitabu. Ukikuta "haki zote", omba zitajwe moja moja, na kila moja iandikiwe mrabaha wake, yaani fungu lako katika mapato.