Unataka kuacha gari la zamani uchukue SUV mpya ya petroli? Anza na hilo hilo la zamani

Kabla hujatia mguu shorumu yoyote, chukua simu yako na kwa wiki 2 andika kazi zote linazofanya hilo gari ulilonalo. Nani wanapanda, unabeba nini, safari ndefu ni ngapi kwa mwezi, wapi linakuudhi na wapi hujawahi kulilalamikia. Wengi wanairuka hii wanakimbilia kuangalia taa na skrini, halafu baada ya miezi 3 ndio wanashtuka kumbe jipya haliwezi kitu ambacho la zamani lilikuwa linafanya kimya kimya. Mimi langu nililitukana kila siku kwa kelele za shokapu, ila nilipoandika nikakuta siti zake za nyuma zinalala flati kabisa, na mimi kila wiki nabeba vitu virefu. Katika SUV 3 nilizokuwa nazimezea mate, 2 siti hazilali hivyo.

Pima na mafuta pia, sio kwa kuangalia mshale. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kile kihesabu kilomita cha safari (trip) kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, jaza tena mpaka ikate, halafu gawanya kilomita kwa lita ulizoweka. Umetembea 540 ukaweka lita 45, basi una kilomita 12 kwa lita. Rudia mara 3 hivi. Brosha nyingi zinaandika lita kwa kilomita 100, hiyo ni rahisi tu, chukua 100 ugawanye kwa namba yao, lita 8 inakuwa kilomita 12.5 kwa lita. Uliza pia imepimwa kwa kipimo gani, maana NEDC, kipimo cha zamani cha Ulaya, ilikuwa inayabeba sana magari, WLTP iliyoanza Ulaya 2017 imesogea karibu na ukweli, ila zote mbili ni za maabara na maabara haina foleni. Na kumbuka SUV imesimama kama kabati, ukitoka spidi 100 ukaenda 120 upinzani wa hewa unapanda asilimia 44, kwa hiyo kama unatoka kwenye gari dogo la saluni usitegemee matumizi yale yale barabara kuu hata injini iwe mpya vipi.

Sasa injini, na hapa usiwe na haraka. Kuna petroli isiyo na turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), mara nyingi lita 2.0 au 2.5, na kuna ndogo yenye turbo, 1.2 au 1.5 hivi. Ya turbo nguvu yake inakuja mapema, mizunguko 1,500 mpaka 2,000 tayari inavuta, kwa hiyo ukiwa umejaza watu na mizigo mlimani utaipenda. Isiyo na turbo lazima uikanyage ndio iamke, itapiga kelele ukiwa unaovateki, lakini ina vitu vichache vya kuharibika na inavumilia kidogo mtu anayechelewesha sevisi. Mimi nakaa na gari mpaka lizeeke, kwa hiyo moyo wangu uko kwa isiyo na turbo. Anayebadilisha kila miaka 4 hana haja ya kuwaza hivyo.

Muulize muuzaji kama taimingi ya injini inazungushwa na cheni au mkanda, na kama ni mkanda uko nje au unazunguka ndani ya oili. Huo wa ndani ya oili ukiwekewa oili isiyo yake unaweza kumenyeka, vipande vinashuka vinaziba njia ya kwenye pampu ya oili, na injini ikikosa oili unajua yanayofuata. Uliza inataka petroli ya oktani ngapi, halafu hakikisha unapojazia mafuta siku zote wanayo. Uliza pia kama petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa sababu zikiwa hivyo mafuta hayapiti kwenye vali za kuingiza hewa kuziosha, masizi yanajikusanya taratibu. Sio sababu ya kulikataa gari, ni kitu cha kujua tu. Kuna zinazopuliza kwa njia mbili, ndani ya silinda na kabla ya vali, mfano Toyota mfumo wao wa D-4S, hizo tatizo hilo linapungua.

Giaboksi ndio inaamua utafurahi au utanung'unika kila siku. CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, ni laini, ina mkanda wa chuma na puli mbili zinazobadilisha upana, ila ukikanyaga kwa nguvu injini inaunguruma kwa sauti moja kama blenda na wengine hawaiwezi hiyo. Otomatiki ya kawaida yenye gia 6 au 8 haina maajabu na hilo ndio zuri lake. Ya klachi mbili inabadilisha haraka sana, lakini ile ya klachi kavu kwenye foleni ya kusogea hatua moja moja huwa inastukastuka na kupata joto. Uliza oili ya giaboksi inabadilishwa lini. Ukiambiwa haibadilishwi maisha yote, uliza maisha ya nani.

Fo-wili chukua tu kama kwenye yale uliyoandika kwenye simu kuna matope, mchanga au vilima vya kuteleza, sio kwa sababu inapendeza kutamka. Inaongeza uzito, inakunywa zaidi, na kwenye kufunga breki haikusaidii kitu, hapo ni kazi ya tairi. Mara nyingi anachotaka mtu ni gari liwe juu tu, basi linganisha kimo cha kutoka ardhini mpaka chini ya gari, kuna SUV zina sentimita 17 na kuna za 22, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Siku ya kulijaribu nenda na la zamani, na lije na mizigo yake. Mimi nilienda na kigari cha kusukumia mtoto. Brosha inasema buti lita 500 na kitu, nikakiinua, kwanza ukingo wa buti ulikuwa juu mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu, halafu kilipoingia magurudumu yakagonga ule uvimbe wa pembeni, kikakataa kulala, na mlango wa buti ukawa haufungi. Kwenye saluni yangu chakavu kilikuwa kinaingia mara moja. Muuzaji akanionyesha jinsi mlango unavyojifungua kwa mguu. Sawa, lakini haujifungi.

Kaa nyuma wewe mwenyewe baada ya kurekebisha siti ya mbele kwa kimo chako. Kama una mzee unayembeba, aje apande na kushuka mara 2. Ukiwa umesimama jaribu kubadilisha ubaridi wa AC bila kuangalia, kama lazima uchimbe kwenye skrini mara tatu, fikiria ukiwa barabarani na mvua. Omba kuliwasha injini ikiwa ya baridi, pita kwenye njia mbovu, na usikubali kuchaguliwa njia. Rimu za inchi 19 zinapendeza, ila tairi lake ni jembamba ubavuni, shimo unalisikia kiunoni, na tairi lenyewe ni ghali kuliko la 17.

Kwenye bei, la zamani na jipya ni mazungumzo mawili. Pata kwanza bei ya jipya kwa maandishi, ndipo utaje kwamba una gari la kubadilishana, la sivyo watakuongezea huku wakikupunguzia kule.

Siku ya kuchukua, chungulia namba 4 za mwisho za DOT, ile kodi iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 2325 maana yake wiki ya 23 mwaka 2025, tairi zote ziwe za karibu. Inua kapeti ya buti uone kama kuna spea kamili, ile nyembamba ya spidi 80, au kichupa cha gundi tu. Na kabla hujakabidhi la zamani futa simu yako kwenye redio, na upekue chini ya siti, mimi la kwangu limeondoka na miwani ya mke wangu na mpaka leo naulizwa.