Jinsi ya Kuomba Mafunzo ya Utafiti wa Saratani katika NIH Baada ya Shahada ya Kwanza

Mwongozo huu unawahusu vijana waliohitimu shahada ya kwanza nchini Marekani, hasa waliokulia katika familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, ambao mara nyingi ndio wa kwanza nyumbani kwao kufika chuo kikuu na hawana ndugu aliyewahi kufanya kazi maabara. Taasisi ya Taifa ya Saratani, NCI, iliyo chini ya NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, katika jimbo la Maryland, huwapokea wahitimu kama hao kwa mwaka mmoja, na mara nyingi wa pili, wakijifunza utafiti kwa kuufanya huku wakipewa posho na bima ya afya.

Kwanza, hakikisha una uraia wa Marekani au ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, kwa sababu hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi. Mkimbizi huomba grini kadi akishatimiza mwaka mmoja nchini, na aliyechelewa aanze na hilo kabla ya jambo jingine lolote. Shahada nayo iwe imepatikana ndani ya miaka mitatu kabla ya kuanza mafunzo.

Andaa wasifu wako, orodha ya masomo na alama, barua ya maombi, na majina ya wadhamini wanaoijua kazi yako, kisha ujaze fomu katika tovuti ya mafunzo ya NIH. Maombi hupokelewa mwaka mzima, lakini wengi huanza kati ya Juni na Septemba, hivyo ni busara kuwahi miezi kadhaa kabla.

Hapa ndipo wengi hukwama: hutuma fomu, wakakaa kusubiri. Hakuna kamati moja inayogawa nafasi. Kila mtafiti anayeongoza maabara huchagua mtu wake mwenyewe. Kwa hiyo tafuta watafiti ambao kazi zao zinakugusa, soma makala zao mbili tatu kupitia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo kuitumia ni bure, kisha umwandikie kila mmoja barua pepe yake fupi. Anayevutiwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu inayowapata zaidi watoto, kwa mfano, anaweza kuanza na EMBLEM, utafiti ambao NCI iliufanya kwa watoto wa Uganda, Tanzania na Kenya, akaeleza swali gani lilimbakia baada ya kuusoma. Swali moja la kweli lina uzito kuliko aya nzima ya sifa. Kiswahili chako kitaje bila haya, kwa kuwa kinatumika sana Tanzania na Kenya, ambako baadhi ya watoto hao walichunguzwa. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, kumbusha kwa heshima, kisha uandikie maabara nyingine.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza nani hasa atakayekufundisha kila siku, maana kiongozi wa maabara kubwa huenda usimwone mara kwa mara. Ukikubaliwa, omba chuo chako mapema uthibitisho wa kuhitimu, kwa kuwa mafunzo hayaanzi kabla shahada haijakamilika.