Mtafute aliyeingia, si aliyebisha: kusoma logi za seva

Weka seva kwenye intaneti leo, na kabla hujamaliza kuisanidi kuna mtu anajaribu nywila. Mara nyingi hata si mtu. Ni programu zinazopita anwani moja hadi nyingine, hazikujui wala hazina ugomvi nawe. Anayeanza kusoma logi (mafaili ambamo seva huandika kila tukio) hutishwa na maelfu ya waliokataliwa, akampita mmoja aliyekubaliwa.

1. Hakikisha saa

Andika `timedatectl`, uone seva inafuata saa za wapi. Siku moja niliona jina langu limeingia kwenye seva saa kumi na moja alfajiri, nami nilikuwa nimelala fofofo. Nikabadilisha nywila zote. Kumbe seva ilihesabu saa kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu), na aliyeingia ni mimi mwenyewe, asubuhi kweupe.

2. Hesabu wanaobisha

Kwenye Debian na Ubuntu, habari za SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) hukaa `/var/log/auth.log`, kwa jamii ya Red Hat ni `/var/log/secure`. Usipolikuta faili, tumia `journalctl -u ssh` (kwa jamii ya Red Hat, `sshd`). Mstari wa kawaida uko hivi:

`Failed password for invalid user admin from 203.0.113.45 port 52144 ssh2`

`invalid user` maana yake jina hilo halipo kwenye seva, huyo anabahatisha tu. Maneno hayo yakikosekana, na jina ni la mtumiaji wako halisi, simama hapo: amelijuaje? (`root`, mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, usimhesabu, huyo hujaribiwa na kila apitaye.)

`sudo grep "Failed password" /var/log/auth.log | grep -oE "from [0-9.]+" | sort | uniq -c | sort -nr | head`

Utapata IP (anwani za mashine kwenye mtandao) za IPv4 zinazoongoza. Ukikuta `message repeated 5 times`, mstari huo mmoja unasimama badala ya mitano, kwa hiyo hesabu halisi ni kubwa zaidi. Hawa waachie fail2ban, programu inayozifungia IP zinazokosea mara nyingi, usiwapotezee usingizi.

3. Kagua waliofunguliwa mlango

Hapa ndipo pa kutulia na kikombe cha chai.

`sudo zgrep -h "Accepted" /var/log/auth.log*`

zgrep husoma hata mafaili ya zamani yaliyobanwa. Usishtuke ukiiona amri yako mwenyewe kwenye majibu, maana sudo nayo huandika humo humo. Pitia mstari mmoja mmoja: nani, kutoka IP gani, saa ngapi. Kisha chukua kila IP na uitafute kwenye orodha ya hatua ya 2. IP iliyokosea mara mia tatu kisha ikapata `Accepted password` haikusahau nywila, imeikisia. Na kama nyote mnaingia kwa funguo za SSH tu, bila nywila, neno `password` hapo ni kengele tosha.

4. Tovuti nayo

`sudo awk '$9==200' /var/log/nginx/access.log | grep -E "\.env|\.git/|\.\./"`

404 (haikupatikana) kwenye `/.env`, faili la siri za programu, ni kelele. 200 (imetolewa) huenda ikawa nywila za hifadhidata zimekwenda na maji. Lakini tazama pia safu ya 10, ukubwa wa jibu: ukilingana na wa ukurasa wa mwanzo, programu yako inampa kila aombaye ukurasa huo huo. WordPress ni kinyume. POST (ombi linalotuma jina na nywila) ya `/wp-login.php` iliyokosea hurudisha 200, na iliyofaulu kwa kawaida hurudisha 302 (kupelekwa ukurasa mwingine). Wengi hutafuta 200 na kumwacha mwizi apite.

5. Ukimpata

Usiiwashe upya seva, na usifute chochote. Nakili `/var/log` yote kwenye mashine nyingine kwanza, kwa sababu mwenye `root` anaweza kuhariri logi atakavyo. Pengo la saa mbili kwenye seva ambayo huwa haikauki wageni nalo ni ushahidi. Kisha ikate kwenye mtandao, na kabla ya kubadilisha nywila fungua `~/.ssh/authorized_keys` ya kila mtumiaji, faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia. Ukikuta ufunguo usioujua, nywila mpya haitamzuia.