Kusoma cheti cha babu aliyekuwa keya

Kama babu yenu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, akapigana Vita Kuu ya Pili, na cheti chake cha jeshi bado kimo sandukuni, anzeni na namba iliyo mbele ya herufi KAR. Mfano, 6 (TT) KAR ni batalioni ya sita ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki. TT ni Tanganyika Territory. Ukikuta 26 (TT) au 36 (TT), hapo kuna habari: vikosi hivyo viwili vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944. Basi yale masimulizi ya mvua na matope hayakuwa chumvi za mzee.

Jina ndilo linasumbua. Karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo Ng'wandu anaweza kuwa Mwandu au Wandu, na L na R hubadilishana ovyo. "s/o" katikati ya majina mawili maana yake "mwana wa". Linalofuata ni jina la babake, si la ukoo.

Kwenye makazi, msitafute mkoa wa leo. Maswa na Shinyanga vilikuwa Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza. Pakiwepo jina la mtemi, hilo lina thamani kuliko jina la kijiji, maana litawaonyesha ni utemi upi, na huenda wapo wazee wa huko ambao bado wanaijua mipaka yake.

Wino umefifia? Laza tochi ya simu pembeni ya karatasi, mwanga upite juu juu, ndipo upige picha. Laminesheni, hapana kabisa.